Sahani Moja na Mama Mkwe

"Kula, mwanangu. Mbona unadonoa kama kifaranga?"

Dafroza akatabasamu kwa midomo tu. Mbele yake kulikuwa na ugali wa udaga, unga wa mihogo iliyovundikwa, ule mgumu wa watu waliotoka kulima, umejaa sahani ya bati mpaka pembeni. Kando yake bakuli la sato mzima wa Mugango, mchuzi mzito, na kibuyu cha mtindi. Ng'ambo ya sahani, magoti yake yakikaribia kugusa ya Dafroza, alikaa Mama Machage, mama wa mwanamume ambaye Dafroza alimpenda mpaka akawa anaogopa. Mlango wa jiko ulikuwa umerudishwa.

Katika ukoo ule wa pale Mwitongo, Butiama, msichana anayekuja kuolewa hula sahani moja na mama mkwe kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini. Wawili tu. Mama mkwe hanawi mpaka mgeni ashibe, na mgeni hasemi ameshiba mpaka sahani ionekane chini. Ukibakiza, umeikataa nyumba, na maneno yanaishia hapo hapo. Ng'ombe wa Machage walikuwa waondoke Jumamosi kwenda Bunda kwa kina Dafroza. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Masikini Dafroza! Tumbo la kulia ugali ule hakuwa nalo. Na ninaposema hakuwa nalo, sisemi kwa mafumbo. Miezi minne nyuma, madaktari wa Mwanza walimlaza mezani, wakalikata tumbo lake la chakula, wakatoa sehemu kubwa na kumwachia kipande chembamba, ukubwa wa ndizi moja. Waliojua hilo ni Mungu, madaktari, na dada yake Judith wa Bunda. Basi.

Machage hakujua. Angejuaje, wakati mchumba wake alimwambia anakwenda Bunda kumwuguza Judith aliyejifungua? Kumbe Judith ndiye aliyekuwa anauguza! Wiki sita alimnywesha Dafroza supu iliyochujwa, kwa kikombe kidogo cha dawa, kimoja kimoja, kama mtoto wa siku tatu. Akamsagia vidonge vya vitamini. Akamshika mkono akitembea kutoka chumbani mpaka uani. Usiku mmoja Dafroza alilia kwa sababu jirani alikuwa anakaanga maandazi. Hakuyataka hata kidogo, alililia zile siku ambazo andazi lilikuwa rafiki yake.

Aliporudi Musoma dukani kwake, maana Dafroza ni fundi cherehani, tena fundi hasa, kilo zikaanza kuporomoka. Watu wakauliza. Akasema amefunga kwa maombi. Nguo zake akazipunguza mara tatu, na akija Butiama alijifunga kanga tatu kiunoni na tumboni, ndani ya blauzi pana, ili aonekane bado yupo na unene wake. Joto la mchana ule lilikuwa likimchemsha humo ndani, naye alikuwa hawezi kuinama wala kuvuta pumzi sawasawa.

"Wewe ulikuwaga mlaji," akasema Mama Machage, akimega tonge. "Mwaka jana ulikula hapa nikafurahi. Nikasema, huyu ni mke. Sasa nini?"

"Nakula, mama."

"Kula nikuone basi."

Tonge la kwanza alilitafuna mpaka likawa uji, kama alivyofundishwa. La pili akalipitisha taratibu. Yule dada wa lishe wa hospitali alimwambia: samaki kwanza, vijiko vitatu au vinne, usinywe chochote na chakula, ukishiba acha hapo hapo. Sasa unaachaje, na mama mkwe amekukodolea macho? La tatu. La nne. Mama Machage akamsogezea kibuyu.

"Shushia na mtindi."

"Baadaye, mama."

"Baadaye lini? Ugali utakukaba. Kunywa."

Akanywa. Akameza tonge la tano, na la tano likakwama. Dalili zake alizijua: kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka mpaka viganjani.

"Mama, naomba nitoke kidogo."

"Utoke? Katikati ya sahani?"

Dafroza alikuwa ameshainuka. Akausukuma mlango, akazunguka nyuma ya jiko, akashika ukuta, akatapika.

Hapo nyuma kuna mwamba mpana, na juu ya mwamba Shangazi Kwangu alikuwa anaanika udaga. Shangazi Kwangu ni dada wa marehemu baba yake Machage, na sauti yake ikianza kazi, hata wa ng'ambo ya bonde wanasikia. Akashuka mbio, mikono imejaa unga.

"We mtoto! Sato wa leo asubuhi unamtapika?"

"Ni tumbo tu, shangazi."

"Tumbo tu?" Akamgeuza uso, akamkagua macho, akamkagua shingo. "Umekonda uso. Chakula hukitaki. Unatapika. Na hapa katikati umejaa." Akampapasa zile kanga juu ya blauzi. "Mimi nimezaa tisa, binti. Haya mambo nayajua nikiwa nimelala."

"Shangazi, hapana, siyo..."

"Nyamaza! Aibu ya nini, na ng'ombe wanatoka Jumamosi?"

Akapiga kigelegele, kirefu, cha kutoka tumboni. Wanawake wawili waliokuwa wanamenya mihogo uani wakakipokea bila hata kuuliza cha nini. Jamani! Dafroza alifungua kinywa, lakini mate yakamjaa tena, ikabidi ainame.

Alipoinuka alikutana na Mama Machage. Mama huyu uso wake haukuwa mwepesi kucheka. Tumboni mwake alitoka Machage peke yake, tena baada ya miaka kumi na minne ya kusemwa na wakwe. Sasa uso wote ulikuwa umefunguka.

"Ndiyo maana umekonda," akasema polepole. "Mwanangu. Na watu walivyokuwa wananijaza maneno! Eti una ugonjwa, eti nimzuie Machage mapema. Nilikuwaga silali. Leo nilikuita ule nikuone kwa macho yangu, nijue kama wewe ni mzima." Akamvuta, akamkumbatia, kichwa cha Dafroza kikaegemea kifua kilichonuka moshi na maziwa. "Nisamehe. Nisamehe sana, mama."

Niambie, hapo ungesema nini? Akisema ni mimba, ni uongo. Akisema siyo mimba, basi ni ule ugonjwa wanaousema. Akisema ukweli, ataulizwa kwa nini alificha, na njia ya mwongo ni fupi. Dafroza alibaki amekumbatiwa, mikono imelegea, machozi yanamtoka. Wale wanawake wakadhani ni furaha.

Ndipo pikipiki ikaingia uani. Machage, afisa mifugo wa wilaya, alikuwa ametoka kuchanja ng'ombe, mabuti yake yana tope mpaka magotini. Akaizima, akaangalia watu walivyosimama.

"Kuna nini? Mbona vigelegele?"

"Mura! Kijana, unauliza wakati kazi umeshaimaliza!" Shangazi Kwangu akacheka. "Mkeo ana mimba!"

Dafroza akamwangalia Machage. Hakutaka kumwangalia, lakini macho yalikwenda yenyewe. Akaona lile tabasamu linavyoanza, linavyosimama, linavyokufa. Miaka miwili ya uchumba, waliapa mbele ya mchungaji kwamba watangoja ndoa, na walingoja. Kushikana mikono ndio uliokuwa mwisho wao. Kuna siku walishikana mikono pale ziwani Musoma mpaka Machage akasema, "Twende nyumbani, la sivyo nitavunja kiapo," wakacheka njia nzima. Sasa macho yale yale yalikuwa yanamwuliza, mbele ya watu: nani?

"Mbona umenyamaza?" Mama Machage akauliza. Kicheko cha uani kikapungua. "Au siyo wako?"

Machage akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Ni wangu, mama."

Vigelegele vikaanza upya. Machage akamshika Dafroza kiwiko, si kwa nguvu, lakini kwa namna ambayo hajawahi kumshika.

"Twende pale kwa ndama. Kuna kitu nataka kukuonyesha."

Ndani ya banda la ndama kulikuwa na ndama mmoja tu, amelala. Machage akasimama mlangoni, mgongo kwa uani.

"Nani?"

"Machage..."

"Sitampiga. Nataka jina tu, nijue nitalea mtoto wa nani."

Maneno hayo yakamkata Dafroza kuliko kisu cha Mwanza. Angemtukana, angepumua. Lakini kulea?

"Hakuna mtoto," akasema.

"Usinifanye mjinga, Dafroza! Wiki sita Bunda. Nikisema nije, oh, mtoto wa Judith ana tetekuwanga. Nikisema nikupigie kwa kamera nikuone, oh, bando limekwisha. Nikakutumia bando! Ukasema mtandao unasumbua. Mimi nikaamini, kwa sababu ni wewe."

"Nilikuwa siwezi kukaa kitandani bila kushikwa. Ungeniona ungejua."

"Ningejua nini?"

Dafroza akaingiza mikono ndani ya blauzi. Akaanza kufungua. Kanga ya kwanza ikaanguka kwenye majani ya ndama, ya pili, ya tatu. Machage akageuza uso haraka.

"Unafanya nini? Watu wako uani!"

"Angalia."

"Dafroza, funga nguo."

"Angalia, nimesema! Wewe si unataka kujua?"

Akapandisha blauzi mpaka chini ya kifua. Aibu ikampanda mpaka masikioni, maana ngozi iliyokuwa imejaa zamani sasa ilining'inia, imekunjamana, na mwanamume huyu hakuwahi kuona hata goti lake. Machage akatazama. Akainama. Hakugusa. Ng'ombe wa nusu ya wilaya amewashona yeye kwa mkono wake, na kovu la kisu halimchengi.

"Hizi alama zimeshonwa," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Tano."

"Walipitisha kamera na vifaa."

"Za miezi mitatu. Minne."

"Usinikadirie umri kama ndama, bwana."

Alikaribia kucheka, Machage. Alikaribia tu.

Akamweleza yote, kwa haraka, blauzi imeshushwa, mikono imekumbatia tumbo. Wiki mbili kabla ya upasuaji, maziwa yasiyo na mafuta na supu tu, ini lipungue, huku anashona sare za shule na njaa inamtoboa. Mshauri wa hospitali alimwuliza, "Nyumbani nani anajua?" akajibu, "Wote." Tumbo lilivyo dogo sasa. Nywele zinavyobaki kwenye kitana. Na mtoto, kwamba wamemkataza kabisa kubeba mimba mpaka mwaka mmoja na nusu upite.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unasema nisipungue hata robo kilo."

"Nilikuwa nakusifia!"

"Najua. Na mimi nilikuwa nakufa. Sukari ilikuwa inapanda, presha inapanda, ngazi tatu za duka zinanimaliza. Mama yangu walimkata mguu kwanza, Machage, ndipo akafa. Kila ukinisifia, mimi nauona ule mguu."

Machage akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Niambie ukweli," Dafroza akasema. "Ningekwambia, ungenizuia?"

"Ningekuzuia. Ningesema tuombe, tutafute dawa za miti, tungoje mwakani. Ndiyo. Ningekuzuia."

"Umeona?"

"Nimeona. Lakini na wewe ona. Ungefia mezani kule, mimi ningeambiwa na nani? Kwenye fomu uliandika nani, ndugu wa kuitwa ukizidiwa?"

"Judith."

Akatikisa kichwa, mara nyingi. "Mimi natuma 'lala salama, mpenzi', na wewe una mipira puani. Halafu unajibu 'nawe pia'."

"Judith ndiye aliyejibu," Dafroza akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa sijaamka."

Hapo Machage akaziba macho kwa kiganja, akakaa hivyo. Dafroza alitaka kumgusa bega. Mkono ulifika nusu, ukarudi. Kutoka uani sauti ya Shangazi Kwangu ilikuwa inakuja safi kabisa: "Haloo! Mugango? Mnanisikia? Mke wa Machage ana mimba! Ndiyo! Waambieni wote!"

"Anapigia ukoo," Machage akasema, akisimama. Uso ulikuwa umechoka. "Sikiliza. Mimi nimeshatamka. Tukae kimya, ng'ombe waende. Baada ya mwezi tutasema imeharibika. Hutokeaga."

Na ilikuwa rahisi. Dafroza aliiona ilivyo rahisi: mwezi mmoja, machozi kidogo, basi. Kisha akamwona Mama Machage akimkanda maji ya moto kwa mimba ambayo haikuwepo, akimlilia mjukuu ambaye hakuwepo, akimletea mabakuli ya uji na supu, na yeye akiamka asubuhi kutafuta pa kuyamwaga. Halafu uongo wa kuufunika huo. Halafu mwingine.

"Siwezi."

"Dafroza..."

"Siwezi, Machage. Tangu nirudi Musoma nikija hapa najifunga hizi kanga, sipumui. Nilikatwa ili niishi. Sasa niishi hivi?"

"Mama anaweza kukataa. Anaweza kusema ng'ombe wasitoke."

"Najua."

"Na akikataa, mimi sijui nitasema nini." Alisema bila kumwangalia. "Sikudanganyi. Sijui."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Lakini alikuwa ameshageuka kuelekea jikoni, na miguu ilikataa kurudi.

Mama Machage alikuwa ameinama akipuliza moto. "Nakuchemshia uji wa ulezi," akasema bila kuinuka. "Ugali huuwezi, uji utauweza."

"Mama, sina mimba."

Akainuka. Machage aliingia nyuma, akasimama mlangoni. Dafroza akasema yote, akiwa amepiga magoti sakafuni, hakuacha Mwanza, hakuacha Judith, hakuacha ule uongo wa kufunga kwa maombi. Mama Machage alitafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Wamekukata tumbo."

"La chakula, mama."

"Na kizazi?"

"Kipo. Hawakukigusa."

"Utazaa lini?"

"Imebaki mwaka na miezi miwili ndipo wataniruhusu. Kuzaa kwenyewe ni Mungu."

"Mimi nina miaka sabini na moja." Alisema kama mtu anayetaja jina lake. Kisha akamwonyesha mwanawe kwa kidole. "Na huyu? Mbona alisema ni wake?"

"Alinisitiri, mama. Alidhani nimemsaliti, na bado akanisitiri."

Mama Machage akamtazama mwanawe kuanzia kofia mpaka mabuti. Moto ulikuwa unafuka, hakuna aliyeushughulikia.

"Mficha uchi hazai, binti. Kwenu hukufundishwa?"

"Nilifundishwa. Niliogopa mngenikataa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa, mama. Natetemeka hapa nilipo."

"Mwaka na miezi miwili," mama akarudia. "Na nikifa kabla?"

Dafroza aliinamisha kichwa. Nje Shangazi Kwangu alikuwa anacheka na simu.

"Tutasubiri, mama," akasema Machage.

Dafroza akadhani amesikia vibaya. Akageuka. Machage hakumwangalia, taya limekaza, hasira bado imemjaa usoni, na wala hasira hiyo haikuwa ya kuisha leo. Lakini alikuwa ameondoka mlangoni. Alikuwa amesimama upande wake.

"Nimekuuliza wewe?" mama akafoka.

"Hujaniuliza. Nimesema tu."

"Hata hasira hazijakuisha!"

"Hazijaisha. Nitasubiri nazo."

Mama Machage akashika kuni, akaisukuma ndani ya moto kwa nguvu. "Haya. Leo sisemi ndiyo, na sisemi hapana. Jumamosi ni Jumamosi. Lakini wale walioko nje mimi siwaambii. Mmeutengeneza uongo wenyewe, kauvunjeni wenyewe."

Machage akageukia mlango. Dafroza akainuka, akampita, akatangulia kutoka. Jua lilimpiga usoni. Blauzi ilimpwaya mwilini, kila mtu akaona, na wale wanawake wa mihogo wakaacha visu hewani.

"Shangazi," akasema, "kata simu kwanza. Hakuna mtoto. Kaa hapa nikwambie mimi mwenyewe."